Injini Iliyokataa Joto

Kristiana alizaliwa Msanzi, juu huku kwenye mashamba ya mahindi na ulezi, akaolewa chini Kasanga, kwa watu wa ziwa. Hakujifunza kuogelea. Alijifunza kukausha samaki wa migebuka kwa moshi, kutambua upepo mbaya kwa rangi ya maji, na kulala chumba kimoja na petroli, kwa sababu tangi la mtumbwi likiachwa nje huibwa. Nguo za watoto wake zilinuka mafuta. Alipokuja kusalimia kwao, mama yake alimwambia aketi mbali na moto asije akawaunguza wote, na wakacheka.

Sasa alikuwa ameketi kwenye uwanja wa Fundi Evaristi, mtaa wa Mollo, Sumbawanga, amejitanda vitenge viwili kwa baridi ya Julai. Alikuwa akiitazama injini ya mtumbwi ya marehemu mumewe, Gabriel, ikifungwa kwenye ukingo wa pipa la maji.

Gabriel alizama peke yake, akirudi na magunia ya dagaa siku ya mawimbi. Mtumbwi ulikutwa umepinduka, injini ingali imefungwa nyuma yake, tangi likining'inia kwenye kamba. Kabla mwili haujapatikana, habari ilikwisha kuenea kwamba mchana alionekana kilabuni. Msibani mama yake Gabriel alisema mbele ya watu wote, "Mwanangu ameuawa na pombe, na mke alikuwa anaangalia." Tangu hapo binti yao, Lucia, hataki shule. Wenzake humwita mtoto wa mlevi.

Kristiana alijua mumewe alikunywa kikombe kimoja siku ile, akaondoka akitembea sawasawa. Alijua pia kwamba injini ilikuwa na ugonjwa. Iliwaka vizuri, lakini ikishapata moto ilianza kumisi, mlio ukikatikakatika, ikakohoa, ikazimika katikati ya maji. Gabriel aliiacha ipumzike, akafungua tangi kuangalia kama mafuta yapo, akafunga, akavuta kamba, nayo ikawaka. "Imepoa," alikuwa akisema. Mara mbili aliipandisha kwa Evaristi, na mara zote mbili ilinguruma kwenye pipa asubuhi nzima bila kosa.

"Injini yako ni Mfipa wa huku kwenye baridi, haipendi joto," Evaristi alimtania, akamrudishia.

Safari hii Kristiana alikuja na Baltazari, kaka mkubwa wa marehemu. Baltazari alisema wazi kwamba amekuja ili fundi asihongwe kwa machozi.

"Fundi, usimwonee huruma shemeji," alisema. "Ikiwa nzima, sema nzima."

"Mimi nahurumia injini tu," Evaristi alijibu bila kuinua kichwa. "Watu wana wenyewe wa kuwahurumia."

Alikwisha kuifungua yote, akasafisha tope, akakagua plagi na koili. Akaunganisha mpira wa mafuta, akavuta kamba. Iliwaka. Maji ya pipa yalichemka kwa povu, moshi ukatanda hadi kwenye mahindi ya jirani. Walingoja. Evaristi aligusa kichwa cha injini, akaondoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto kweli. Hata alimwagia koili maji ya moto kutoka kwenye birika, ili kuizidishia joto. Mlio haukubadilika.

"Basi," alisema Baltazari. "Iliyolewa haikuwa injini."

Kristiana alimgeukia fundi. "Tumia tangi la Gabriel," alisema.

Evaristi alisita. Injini za ziwani humfikia zikiwa peke yake, juu ya basi, kwa sababu hakuna kondakta anayekubali tangi la petroli. Siku zote amezijaribu kwa tangi lake mwenyewe. Lakini Kristiana alikuwa amepanda na lori la samaki, na alikuwa amebeba kila kilichobaki.

Wakalimiminia petroli, wakafunga, wakawasha. Mwanzoni ilinguruma vilevile, na Baltazari akaanza kutafuta mahali pa kununua chai. Kisha ikamisi. Ikakohoa, ikajikaza, ikakohoa tena, ikazimika.

"Ndiyo hiyo!" Kristiana alisimama. "Ndiyo hiyo, fundi!"

Evaristi aliinama. Kile kipira cha kuminyia mafuta, katikati ya mpira, kilikuwa kimebonyea. Mbavu za tangi zilikuwa zimeingia ndani. Alipolegeza kifuniko, tangi lilivuta hewa kwa mluzi mrefu, na mbavu zikarudi kwa kishindo. Akavuta kamba. Injini ikawaka.

Aliizima mwenyewe, akakigeuzageuza kifuniko kwenye mwanga.

"Hiki hakina tundu la hewa," alisema. "Mafuta yakitoka, hewa haiingii. Mwisho tangi linang'ang'ania mafuta, injini inakufa kwa njaa, na mtumbwi unabaki kuchezewa na mawimbi. Si joto. Haijawahi kuwa joto." Akalitazama tangi. "Na mimi sikuwahi kuulizia tangi. Mlikitoa wapi?"

"Nilikinunua mimi," alisema Kristiana. "Mnadani. Kile cha zamani kilikuwa kinatoa harufu, watoto wanakohoa usiku."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye udongo.

Baltazari alikuja akachuchumaa karibu naye.

"Hakuwa amelewa," Kristiana alimwambia. "Sema."

"Hakuwa amelewa, shemeji." Alifuta uso. "Tutasema ni injini. Iliharibika, basi. Mama ataelewa. Kifuniko hakuna haja ya kukitaja."

Kristiana alimtazama kama mtu aliyepewa maji na hajui kama ni yake. Kisha akatikisa kichwa.

"Mama Enock anacho kama hiki," alisema. "Alikisifu changu, nikamletea na yeye."

Alipiga simu Kasanga. Coleta, mama Enock, alipokea akicheka. "Mama Lucia wee! Baridi haijakumaliza huko?"

"Baba Enock yuko wapi?"

"Ndiyo kwanza anateremsha tangi mtumbwini. Mbona sauti hivyo?"

"Mzuie. Asiende. Kile kifuniko nilichokuletea mkitoe, kinazima injini. Ndicho kilichomuua Gabriel."

Upande wa pili miguu ikakimbia kwenye changarawe na Coleta akaita, "Baba Enock! Baba Enock!" Mwanamume akaitika mbali, kwa kero, akiuliza kuna nini tena. Wakabishana. Baadaye likasikika tangi likiangushwa juu ya mawe.

Halafu simu ikashikwa na mwingine, aliyekuwa akipumua kwa shida. Kristiana aliitambua pumzi ya mama mkwe wake kabla ya sauti.

"Kristiana. Huyu anasema nini kuhusu mwanangu?"

Baltazari alinyoosha mkono aichukue simu. Kristiana akausogeza pembeni.

"Shikamoo, mama," alisema, na akaanza kumweleza, tangu mnadani.