Biti ya Baba Ilivyorudi na Makali

Nilikasirika, na hasira yenyewe sikuwa na pa kuipeleka. Jirani yetu mchonga milango, ninayemwita Ami, alinirudishia biti ya keekee, kile chuma cha kutobolea mbao, ya marehemu baba, imefungwa kitambaa safi, imepakwa mafuta, na imenolewa ikawa na ncha kali kama sindano.

"Nimekutilia makali, mwanangu," alisema. "Chombo cha mwenyewe hakirudi butu."

Ndiyo ada ya mafundi wa mtaa wetu hapa Mji wa Kale. Ukiazima randa au patasi unairudisha imenolewa; ukiirudisha butu utasemwa mpaka msikitini. Basi nikamshukuru Ami, nikaingia ndani, nikaupiga teke mlango wa karakana mpaka mama akauliza kuna nini.

Sisi kazi yetu ni kuchonga viko, na biti ile ilikuwa ya kuchimbia kiko, pale panapotiwa tumbaku. Baba aliitengeneza mwenyewe kwa tupa, ncha yake ikawa ya mviringo kama ya yai. Ukichimba kiko kwa ncha kali, chini hubaki kishimo, tumbaku hulowa humo na moto huzima. Baba akisema kiko cha namna hiyo wauziwe wageni wa Ngome ya Yesu, wanaotaka kupigwa picha nacho tu. Na mimi mjinga, nilipomwazima jirani sikumwambia neno. Nilidhani fundi mzima anajua.

Nikazunguka maduka ya vifaa hadi Mwembe Tayari. Wote walinitolea biti zenye ncha. Mmoja akaniuliza kwa nini nataka iliyokwisha makali. Nilimjibu vibaya, na sijuti.

Umbo la baba lilibaki mahali pamoja tu, ndani ya kiko alichokuwa akivuta mwenyewe. Mama alikiweka kabatini. Baadhi ya jioni hukitoa, akakinusa, akakirudisha. Ndani kiliganda ukoko mweusi wa tumbaku ya miaka yote, na ili nipate umbo ilinibidi niukwangue wote, kisha nimimine nta. Nilimweleza mama. Alikinusa kwa muda, akanipa bila kuniangalia.

Nilikwangua huku nikimlaani jirani kimoyomoyo. Nta ikatoka na mviringo wake kamili. Nikaichukua biti ile ile ya baba, nikaisaga kidogo kidogo, nikiichovya majini chuma kisiungue, nikiilinganisha na ile nta. Siku ya tatu ikakubali, na kiko cha kwanza kilivutika hadi majivu.

Haukupita mwezi, jirani akapiga hodi. Anaitaka tena. Nilimpa, maana mtu huwezi kumnyima jirani chombo, ila safari hii nikasema, "Ami, usiinoe. Irudishe hivi hivi."

Uso ulimshuka kama aliyetukanwa.

"Babako nilikuwa nikimnolea kila nikiazima," alisema. "Hata siku moja hakunambia."

Akaenda zake na biti. Kumbe kila mara baba alipokea ile ncha, akashukuru, akaketi na tupa akaurudisha mviringo wake kimya kimya, kwa macho tu. Adabu hiyo yote kwa jirani, na mimi mwanawe hakunionyesha hata mara moja. Hasira ikahamia kwake, na yeye ndiye nisiyempata tena, yu kaburini.

Kiko chake kimo kabatini, kisafi. Mama hakitoi tena.