Apolonia Ahesabu Sabuni kwa Vichwa

Sabuni ya kwanza ya Apolonia, mama yake Noela, aliiita Upendo. Ilitoa madoa yote, na ngozi kidogo. Ya pili haikuganda kabisa, ikamwagwa chooni. Ndipo mwenyekiti wa kikundi cha akina mama pale Ibadakuli, Mama Enock, akatoa ndoo ya mwisho ya mafuta ya pamba, kilo ishirini na mbili. Ikiharibika, kikundi kinahamia kwenye vitumbua.

Apolonia alikuwa ameshakaanga vitumbua miaka kumi na mmoja. Ilimtosha.

Shemeji yake Masudi, anayefanya kazi maabara ya madini Nyarugusu, alikuja likizo. Akamwandikia ukutani, kwa mkaa, mlinganyo uliosawazishwa: mafuta moja na kostiki tatu, hutoka sabuni tatu na gliserini moja. Kisha akaenda kuoga, kama wataalamu wafanyavyo.

Aliporudi alikuta bakuli moja la mafuta na mabakuli matatu ya kostiki, dawa kali ile ile iliyochuna watu.

"Shemeji! Unataka kumwogesha nani, fisi?"

"Si umeandika moja kwa tatu?"

"Hizo ni molekuli, si mabakuli."

"Basi ungesema! Nyie wa migodini mnaficha hadi hesabu."

Masudi akakaa chini. "Mchumba wa Noela akileta fahali mmoja na mbuzi watatu..."

"Fahali mmoja? Namfukuza."

"Kabla hujamfukuza. Utawapima kilo?"

"Nani anapima mahari? Nahesabu vichwa."

"Na kwenye mzani?"

"Fahali anawazidi wote watatu, tena mbali." Apolonia akautazama ukuta upya. "Nipe uzito wa kila kichwa."

"Tunahesabu kwa moli, fungu lenye idadi ile ile ya molekuli. Moli moja ya mafuta, kama gramu mia nane na themanini. Ya kostiki, arobaini."

"Tatu ni mia na ishirini." Akaandika chini ya mlinganyo, herufi kubwa kuliko za Masudi. "Kilo ishirini na mbili za mafuta, kilo tatu za kostiki. Mabakuli yako yangetuua."

"Yangu?"

Vipande vya sabuni mpya vikakaa wiki nne vikauke, vikitembelewa kuliko mgonjwa. Siku ya kikao, Mama Enock akanawa mikono kwa kipande kimoja mbele ya wanachama wote, akaitazama kama anayesubiri taarifa ya msiba. Taarifa haikuja. Akanawa uso. Akavua viatu.

"Mama Noela," akasema, "niongezee maji, nioshe na miguu. Na aliyeshaazima karai la vitumbua alirudishe kwa mwenyewe."