Moja Kumi na Saba

Mume wangu Anselme hufungulia mashua milango ya mfereji hapa Burgundi. Kwa miaka kumi na mmoja alihangaika na namba moja tu, 11,111,111,111,111,111, akitafuta namba ya kuigawa pasibaki kitu.

Asubuhi hiyo aliingia uso umempauka. "Hortense, nimeipata! 2,071,723!"

"Hata mwaka juzi uliipata," nikamjibu.

Mwaka juzi alichora msalaba wa tisa, ule tuliofundishwa sote shuleni: unajumlisha tarakimu, unaondoa tisa tisa, kisha pande mbili zilingane. Zikalingana, akawaandikia mabwana wa hesabu wa Paris. Kumbe alikuwa amepishanisha nafasi za tarakimu mbili alipokuwa akinakili, na msalaba hauoni kosa la namna hiyo. Kijiji kizima kikamcheka.

Sasa akachora tena msalaba. Nane huku, nane kule. Nikaufuta kwa aproni yangu.

"Kaa chini. Zidisha yote, nikikutazama."

Akaizidisha namba yake kwa jibu la mgawo, 5,363,222,357. Alipojumlisha, jibu likaanza kutokea kulia. Moja. Moja. Moja. Kwenye ya tisa akachovya tena kalamu. Nje nahodha mmoja aliyengoja kufunguliwa mlango akafoka, "We mzee, umekufa humo?" Ya kumi na tano. Ya kumi na sita. Nilikuwa nimejiuma kidole.

"Moja," akanong'ona.

Nikamkumbatia huku nalia. Naye, kidevu begani kwangu, akauliza: "Mke wangu, na hizo moja zikiwa kumi na tisa?"

Nikachukua wino wake nikaenda kuumwaga mferejini. Niliporudi, alikuwa anaandika kwa mkaa.