Konokono wa Bibi Katika Ukuta wa Kanisa Kuu

Nilisafiri kwenda Tororo kwa sababu ya kicheko cha Shangazi. Tulikuwa tunamenya vitunguu nyumbani kwetu Busia, nikasema Bibi alisaidia kujenga lile kanisa kuu la zamani la Tororo. Shangazi akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiwiko. "Mama yangu huyu? Ajenge kanisa? Alikuwa na stori nyingi, mtoto wewe. Mchanga wa kanisa uliletwa na lori."

Bibi alifariki kabla ya muhula huu kuanza. Tangu nikiwa mdogo tulilala chumba kimoja, na alinisimulia vile wasichana waliosomea ubatizo walivyotumwa mtoni wakarudi na vyungu vya mchanga kichwani. Asiyeleta mchanga habatizwi. "Na mchanga wetu ulikuwa na konokono wadogo weupe," alikuwa akisema. "Fundi alitugombeza tuuchekeche, sisi tumechoka, tukamwaga hivyo hivyo. Wamo ukutani mpaka leo." Hakuacha hata picha moja. Stori hiyo ndiyo niliyoachiwa. Kama ni uongo, basi sijui nimebaki na nini.

Jumapili asubuhi, Mzee Hamisi, jirani yetu mwenye pikapu, alikuwa anapeleka magodoro Tororo. Akanikubalia nikae mbele. Tulipita malori yaliyopanga foleni ya mpakani, madereva wakipiga mswaki kando ya magurudumu. Mimi sijui namna ya kuanza maongezi na watu, kwa hiyo aliongea yeye.

"Weye nakwenda kusali peke yako? Wenzako wako wapi?"

"Sina."

"Hm. Basi leo mimi ndiyo katekista wako. Muislamu napeleka Mkatoliki kanisa, hata malaika watashangaa."

Nilicheka, lakini kicheko kilichelewa kutoka. Alikuwa ameshageukia redio.

Kwenye daraja la mto Malaba niliona marundo ya mchanga wa kuuza. Nikabandika uso kwenye kioo kutafuta vidoa vyeupe, lakini gari halikusimama.

Tororo unaanza kuuona kwa lile jabali lake, mji wenyewe bado. Kanisa linalitazama jabali kutoka mbali. Upande wa mbele ni wa matofali mekundu, na nguzo nene zinaegemea ukuta kwa nje kama watu wanaozuia mlango usifunguke. Ndani, matao yamefuatana mpaka altareni, na vioo vya rangi vilimwaga bluu na nyekundu sakafuni. Kuta za ndani zote zimepigwa lipu, zimepakwa rangi ya maziwa. Hakuna mchanga unaoonekana. Jiwe la mlangoni limeandikwa jina la askofu na la padri. La msichana hakuna.

Nikakaa benchi la kulia, pembeni kabisa. Misa ilipokaribia nikasikia watu wakikohoa kikohozi kile cha kumwambia mtu kitu. Benchi lote walikuwa wazee wa kiume. Mmoja alikuwa ameshika kofia mapajani na ananitazama kama nimekaa kitandani kwake. Kwetu Busia tunachanganyika, sikujua huku misa ya kwanza bado ina desturi ya zamani.

"We kasichana!" mama mmoja aliniita kutoka upande wa kushoto, kwa mnong'ono uliofika mpaka altareni. "Huko iko ya wanaume! Nataka bwana mapema hivyo?"

Wanawake wakaficha vicheko kwenye leso. Nilivuka katikati ya kanisa, masikio yanawaka. Wakasogea, wakanibana katikati yao. Aliyeniita alikuwa Mama Athieno. Alipoambiwa na mwenzake apunguze sauti, akanibana zaidi.

Baada ya misa nilipiga magoti kwenye nyasi kuwasalimu. Wakaniuliza mimi ni wa nani. Nikataja jina la Bibi. Wakaulizana kwa Dhopadhola, lugha ya huko, wakatikisa vichwa. Hakuna aliyemjua.

Nikazunguka nyuma ya kanisa peke yangu. Huku ukuta umepigwa lipu hata nje, na chini ya dirisha la sakristia ilikuwa imebanduka, matofali yako wazi. Nikachuchumaa. Mwanzoni niliona chengachenga tu kati ya tofali na tofali. Kisha kidoa cheupe, kimejizungusha, kidogo kuliko punje ya mchele. Kisha cha pili. Kisha sikuona vizuri, kwa sababu nilikuwa nalia.

Nilitoa funguo ya sanduku langu la shule nikaanza kuchokoa.

"Ee! Nabomoa nyumba ya Mungu na funguo?" Alikuwa Mama Athieno, viatu mkononi.

Nikamweleza yote. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu nisiyemjua. Akainama mpaka pua ikagusa ukuta.

"Iko kweli," akasema polepole. "Mimi napita hapa siku zote." Akatazama nyuma. "Toa moja, mimi sijaona kitu. Wiki hii fundi nakuja kupiga lipu."

Niliweka funguo tena ukutani, kisha nikaiondoa. Bibi aliwaleta hapa kwa kichwa chake, shingo ikiuma. Mimi niwarudishe Busia mfukoni?

"Waache," nikasema.

Mchana Mzee Hamisi alinirudisha. Pikapu tupu ilikuwa inarukaruka.

Shangazi alikuwa jikoni. "Enhe? Umeona lori?"

"Wamo, Shangazi. Konokono wamo."

"Lete nione."

"Nimewaacha ukutani. Wanafunikwa wiki hii."

Akaniangalia vile vile alivyokuwa akimwangalia Bibi. Hapo ndipo nilipoelewa Bibi alikuwa mpweke kiasi gani, na jambo lake la kweli lisiloaminiwa, mezani petu, miaka yote ile.

Shangazi hakucheka. Alizima jiko.

"Wadogo kama nini?" akauliza.

Nikamwonyesha kwenye ncha ya kidole changu. Akakishika kidole hicho, akakitazama muda mrefu, kana kwamba kina kitu juu yake.