Tulipomsindikiza Mama Jirani

Muuguzi wa kituo cha afya ndiye aliyeniambia nitembee. Nilikuwa nimekwenda kwake kwa sababu miguu ilivimba kila jioni. Kazi yangu ni kushona, na mshonaji hukaa kwenye mashini tangu asubuhi hadi giza limnyime kuona tundu la sindano. Alinipima presha, akaangalia kipimo mara mbili, akasema, "Mama, tansio iko juu. Dawa nitakupa, lakini utatembea. Hapana kutembea ya kwenda soko. Kutembea tu."

Nilimuuliza kutembea tu ni kutembea gani. Hapa kwetu Masisi hakuna asiyetembea. Tunakwenda shambani kwa miguu, kanisani kwa miguu, kilioni kwa miguu, na mvua ikinyesha hata mwenye pikipiki anaisukuma. Lakini kila safari ina sababu yake, na mara nyingi ina mzigo wake pia. Sikuwa nimewahi kuona mtu mzima anatoka nyumbani mikono mitupu, anapanda mlima, anaangalia, kisha anashuka.

Alinielekeza kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa amekusanya watembezi pale parokiani. Tulimwita Papa Mwalimu. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa bote za mpira hata jua likiwaka. Muuguzi mwenyewe alikuwemo, pamoja na mama wachache wa kwaya, na dereva mmoja wa pikipiki aliyevunjika goti akaambiwa alinyooshe kwa kutembea. Wenzake walimcheka kila tulipowapita kwenye kituo chao. Mimi nilikwenda na jirani yangu, mjane aliyenizidi miaka, ambaye ukuta wa jiko lake umeegemea ukuta wa jiko langu. Yeye hakuwa mgonjwa. Alisema anakuja kuniangalia nisianguke. Kikundini wote wakamwita Mama Jirani, kama nilivyomwita mimi.

Tulitoka kila Jumamosi baada ya salongo, tukishamaliza kufyeka mitaro na kufagia barabara. Sheria za Papa Mwalimu zilikuwa chache. Anayekwenda polepole anatangulia. Hakuna kumwacha mtu nyuma, hata akienda kujisaidia. Na hakuna kununua kitu njiani, maana mwenye mzigo hatembei, anasafirisha.

Sheria hiyo ya mwisho ilivunjika siku ya kwanza. Tulikuwa tunarudi kutoka kwenye malisho, na mama wa kwaya wakaona jibini nzuri mlangoni kwa mfugaji mmoja, na nyumba ya pili wanauza kabichi. Papa Mwalimu alipogeuka, nusu ya kikundi walikuwa wamejitwika.

"Hiki ni kikundi cha watembezi ao cha wachuuzi?" aliuliza.

Mama Jirani alikuwa na kabichi mbili kichwani. "Papa, mimi natembea," alimjibu. "Hii kabichi njo inanifuata."

Papa Mwalimu alicheka hadi akakaa kwenye jiwe. Sheria ilibaki, lakini hakuisimamia sana.

Jambo lililotubadilisha lilitokea baadaye kidogo, katika kijiji kimoja nyuma ya malisho hayo. Mawingu yalikuwa yamejikusanya, nasi tulishuka mlima kwa mstari, haraka, tukitaka kuiwahi mvua. Kutoka juu niliona wanawake wanaanua nguo. Nikadhani nao wanaikimbia mvua. Kisha nikaona mwanamume anafungua kamba za mbuzi, na kwenye mlango mmoja godoro limekwisha kukunjwa na kufungwa. Tulipofika chini, mama mmoja alikuwa njiani na sufuria ya maharage kichwani. Maharage yalikuwa bado yanatoa moshi, na hayakuwa yameiva.

"Muko munakimbia nini?" alituuliza. "Wamefika wapi?"

"Hakuna kitu, Mama," Papa Mwalimu alisema. "Tuko tunatembea tu."

"Munatembea munaenda wapi?"

"Tunarudi nyumbani."

"Sasa mulitoka kufanya nini?"

Papa Mwalimu alimweleza habari za tansio na goti. Mzee mmoja alikuja, akatusikiliza hadi mwisho, akasema bila hasira, "Watu wakishuka mulima pamoja hivi, sisi tunajua maana yake." Dereva alimsaidia mwenye godoro kufungua kamba. Yule mama alirudisha sufuria yake motoni. Tuliomba msamaha nyumba kwa nyumba, mvua ikatunyeshea tukiwa katikati ya kuomba.

Mimi nilizaliwa upande wa Ngungu, na mwaka mmoja wa vita nilishuka milima yetu namna ileile hadi Shasha, kando ya ziwa, nikiwa nimejitwika kichwa cha mashini yangu, miguu ya chuma nimeiacha ndani ya nyumba. Niliona watu wa vijiji vya njiani wakituangalia, kisha wakiingia ndani kufunga vitu vyao. Sasa nilikuwa nimewafanyia wengine hivyo kwa ajili ya afya yangu.

Tangu hapo hatukutoka bila kuuliza kwanza habari za njia, kama kuna amani. Tulimpigia shefu wa kila kijiji tulichotaka kupita, na mmoja wetu alitangulia mbele kusalimia. Mama wa kwaya waliimba tukishuka. Anayekimbia haimbi, kwa hiyo watu walipotusikia waliendelea na kazi zao.

Siku moja tulipumzika juu ya mlima ambao unaonyesha mbali upande wa magharibi, pale majani ya malisho yanapokwisha na msitu unaanza, mweusi, hadi macho yanashindwa. Mama Jirani alinyoosha mkono.

"Kule njo kwetu," alisema.

Nilijua yeye ni mtu wa Walikale, aliletwa Masisi kwa ndoa. Lakini tulikuwa tumeishi ukuta kwa ukuta miaka mingi na sikuwa nimemuuliza. "Mara ya mwisho ulienda lini?"

"Mama yangu alikufa, sikuenda. Njia ilikuwa mbaya. Kaka yangu alimuzika peke yake. Akipanda mulima anapata rezo, ananipigia. Sauti yake naijua. Sura yake sijui tena."

Papa Mwalimu alikuwa amelala chali na kofia usoni. Nilidhani amesinzia. Jumamosi iliyofuata alisimama mbele yetu kabla ya kutoka, akasema kikundi kitamsindikiza Mama hadi kwao.

Kulikuwa na mabishano. Mume wa mama mmoja wa kwaya alikataa kabisa. Wengine walisema msitu si mlima: huko hamwoni mnakokwenda. Habari za njia zilikuwa mbaya, zikawa nzuri, zikawa mbaya tena, na kila mara Mama Jirani alifungua mzigo wake na kuufunga upya. Alikuwa anampelekea kaka yake chumvi, sabuni, na shati ambalo nililishona mimi. Hakuwa na kipimo. Alinionyesha tu kwa mikono upana wa mabega.

Mwishowe shefu wa upande ule alituambia tunaweza kwenda. Tulikwenda sita. Gari lilitufikisha pale barabara inaposhindwa, tukalala kwenye kikanisa, na asubuhi tukaingia msituni na mtu wa pale aliyetuonyesha njia. Jua lilibaki juu ya miti. Tulitembea juu ya mizizi na ndani ya maji meusi ya madimbwi, na Mama Jirani, ambaye milimani alikuwa analalamika magoti, alitangulia. Alitaja majina ya miti kwa lugha yao. Mara nyingine alisimama, akachuma jani, akalinusa, akaenda.

Mchana tulifika mtoni. Kaka yake alikuwa amesema atatungojea kwenye daraja, lile la kamba za msitu ambalo watu wa huko hulisuka na kulining'iniza kutoka mti hadi mti. Daraja halikuwepo. Mti uliolishika upande wetu ulikuwa umeanguka pamoja na ukingo, na daraja zima lilikuwa limelala ndani ya maji, limeshikwa na upande wa pili tu.

Na upande huo wa pili alisimama mzee mdogo, amevaa kaptula, na panga mkononi.

Mama Jirani alimwita. Mzee aliita pia. Mto ulikuwa umejaa na ulipiga kelele kiasi kwamba tuliona kinywa chake kinafunguka na hatukusikia kitu. Akapiga makofi, akaweka mikono kichwani, akaishusha. Miaka yote hiyo walikuwa wamesikiana bila kuonana. Sasa walionana, na simu hapo chini haikushika rezo.

Kisha mzee akageuka, akaingia msituni.

Tulingoja. Papa Mwalimu aliangalia mbingu mara kadhaa, akasema kwa upole kwamba tukichelewa tutarudi kwenye giza. Mama Jirani alikaa juu ya mti ulioanguka, akafungua viatu vyake, akaviweka kando.

"Papa, nyinyi murudi," alisema. "Mimi namungoja."

"Hakuna kumwacha mtu nyuma," dereva alisema, akakaa naye.

Mzee alirudi na wanaume wengi, nadhani kijiji kizima. Walianza kulivuta daraja kutoka majini. Mmoja wao alizungusha jiwe lililofungwa kamba nyembamba, akalirusha, likaanguka majini. Akarusha tena na tena, hadi likafika kwenye matope yetu na muuguzi akalirukia kama mlinda lango. Hapo tukaelewa. Hakuna mtu anayeishi upande wetu wa mto, na bila mikono ya upande wetu daraja lile lingebaki majini.

Tulivuta. Kamba nyembamba ilileta kamba nene, na kamba nene ilileta daraja lenyewe, zito, linatiririka maji. Viganja vyangu ni vya sindano, vilichubuka mara moja. Wale wanaume walituonyesha kwa ishara mti wa kufungia, nasi tukafunga tulivyojua. Kisha mwindaji mmoja akaja akining'inia kwenye kamba kwa mikono na miguu, mgongo wake karibu unagusa maji, akafika, akatusalimia mmoja mmoja, na kufunga upya.

Kaka wa Mama Jirani ndiye aliyefuata. Alipofika alisimama mbele ya dada yake, wakaangaliana. Hakuna aliyelia. Alimshika mkono, akamwambia, "Umekuwa mama yetu kabisa."

"Na weye umekonda," Mama Jirani alisema. "Nilishonesha shati ya muntu munene."

Kabla ya kumvusha, mzee aliomba tunyamaze. Alichota maji ya mto kwa kiganja, akayamwaga chini ya ule mti mpya, akasema maneno kwa lugha yao, polepole, akitaja watu. Mama Jirani alituambia baadaye kwamba alikuwa anawajulisha waliokufa kuwa mtoto wao amerudi na asiogopeshwe na maji. Papa Mwalimu alikuwa amevua kofia. Mzee alipomaliza, yeye akaanza Baba Yetu, na mzee na wale wanaume wakaitikia pamoja naye. Kisha tukavuka. Mimi nilivuka nimefumba macho, na muuguzi alinigombeza kwa hilo.

Kijijini tulikula lituma ya ndizi zilizopondwa, samaki wa mtoni, na sombe ya majani ya muhogo iliyotiwa mawese mengi. Shati lilimfikia mzee magotini. Alilivaa vilevile, akatembea nalo kijiji chote. Kaburi la mama yao lilikuwa nyuma ya nyumba, limepandwa maua mekundu, na Mama Jirani aliling'olea majani peke yake, hakutaka msaada.

Asubuhi ya kurudi nilimkuta amekaa jikoni kwa wifi yake anamenya ndizi. Mzigo wake haukufungwa.

"Mama, wengine wako tayari," nilimwambia.

"Mimi sirudi."

Nilidhani anasema leo. Nikamwambia tunaweza kungoja siku moja.

"Hapana, dada. Kule Masisi nilikuwa muke wa muntu, sasa muntu hayuko. Watoto wako Goma. Nani ananingoja?"

"Mimi," nilisema.

Aliacha kumenya. Aliniangalia, akanisogezea kigoda, nikakaa. Tukamenya ndizi zile pamoja hadi zikaisha. Hakubadili neno lake, na mimi sikumwomba mara ya pili. Alitusindikiza hadi kwenye daraja, akanipa ufunguo wa nyumba yake.

Nilikasirika, na nilijua sina haki ya kukasirika. Nyumbani, wiki za kwanza, nilikuwa nagonga ukuta wa jiko kwa mwiko kama tulivyokuwa tunaitana, halafu nakumbuka.

Mwanawe mkubwa alikuja kutoka Goma. Alisimama mlangoni kwangu, hakutaka kukaa. "Mulimuchukua mama yetu mukamuacha msituni," alisema. "Kikundi cha namna gani hicho?"

Nilimwambia, "Sisi tulimusindikiza. Kubaki alibaki mwenyewe. Ukitaka, njoo tukupeleke, umuulize."

Alikuja. Ilibidi tungoje tena habari za njia, na kiangazi kilikuwa kimeanza tulipofika. Alishika daraja kwa mikono miwili na viatu vyake vya mjini shingoni. Mama yake alitupokea akitoka shambani, ameungua jua, na jembe begani. Wawili hao waliongea nyuma ya nyumba muda mrefu. Sisi tulikaa na mzee, tukamsikiliza akimlaumu nguruwe wa msituni aliyekula mihogo yake.

Kijana alipotoka huko, uso wake ulikuwa umetulia. Dereva alimuuliza kama tunarudi na Mama.

"Amenifukuza," alisema. "Anasema safari ingine nisikuje peke yangu, nimuletee wajukuu."

Kisha akainama, akajitwika mkungu wa ndizi aliopewa, na tukaanza njia.