Wivu ulinifanya nimnyime rafiki yangu library moja, na Jumapili ya kwaya ilikuwa inakuja

Wakuu, habari za muda huu. Na wale mnaosoma mkiwa kazini, simu mmeificha chini ya meza, nawaona.

Mimi humu ni msomaji tu, huwa sichangii. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni na nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia akaelewa.

Haya yamenitokea mwenyewe. Majina nimebadilisha. Ubaya sijaubadilisha, huo ni wangu na nimeuacha kama ulivyo.

Niiteni Gwakisa. Naishi Bulyaga, hapa Tukuyu. Kidato cha nne nilipata division four ya mwisho mwisho, ile ambayo ukitajiwa unauliza mara mbili kama ni jina lako kweli. Nafanya kazi stationery, natoa kopi, nachapa barua, napiga passport size.

Programming nilijifunza hapohapo dukani. Mvua ya huku mnaijua, ikianza asubuhi wateja hawaji mpaka mchana, na bosi wangu hana shida mradi sijasimamisha printa. Mtandao wa dukani ni mzuri. Kompyuta yenyewe inatumia Linux, maana Windows ilikuwa inakufa kila wiki kwa virusi vya flash za wateja.

Ndoto yangu mimi ni ofisi yenye kioo mbele, imeandikwa jina langu, na watu wakipita wanasema humo ndimo zinatengenezwa app. Mnaweza kucheka, hata mimi nikiiwaza huwa nacheka peke yangu.

Sasa Shafii.

Shafii ni kijana wa Suma, baba yake ana duka la nguo na vitu vidogo vidogo. Alikuja siku moja kuchapa fomu, akakuta nina code kwenye screen, akavuta stuli. Hakuondoka mpaka jioni. Kuanzia hapo akawa anakuja kila gulio.

Nilimfundisha kila nilichojua, kwa moyo wote. Niliona raha kuitwa mwalimu na mtu.

Mnaojua programming rukeni hapa. Kwa wengine, app haiandikwi yote na mtu mmoja. Kuna vipande vimeshaandikwa na wengine huko duniani, cha kupiga muziki, cha kuchora maandishi. Wewe unaviorodhesha kwenye faili moja na kompyuta inavivuta mtandaoni. Vipande hivyo ndiyo library, na orodha yake ndiyo dependencies. Ni kama kumtuma mtu sokoni na karatasi.

Ukitaka app moja ikae kwenye simu na kwenye kompyuta, karatasi inakuwa na sehemu tatu. Ya wote, ya simu peke yake, ya kompyuta peke yake. Ukiandika kitu cha simu kwenye sehemu ya wote, kompyuta nayo itakwenda kukitafuta, itakikosa, itagoma.

Hilo ndilo somo la kwanza nililompa Shafii. Kumbukeni hapo.

Kwaya yetu ikataka app. Mimi naimba humo, sauti ya tatu, na mama yangu anaimba sauti ya pili tangu sijazaliwa. Walitaka maneno ya nyimbo yawe kwenye simu za wanakwaya kwa ajili ya mazoezi, na yatoke pia kwenye kompyuta ya kanisa yaonekane ukutani. Macho ya wazee hayasomi tena daftari. Mama yangu mwenyewe alikuwa ameanza kusimama nyuma kabisa anafungua mdomo tu. Alidhani sijui.

Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Atupele, akasema anayeweza alete aonyeshe. Nikaleta yangu. Shafii naye akaniuliza, "Kaka, na mimi naweza kujaribu, au ni ya Wakristo tu?" Nikamwambia lete. Nilisema hivyo nikijua nitashinda.

Siku ya kuonyesha, yangu kwenye simu ilikuwa tamu. Nimeweka hadi sauti, ukigusa wimbo unasikia kila sauti peke yake. Watu wakaguna kwa furaha. Nikaenda kwenye kompyuta, ukuta mweupe. Nikajaribu tena, maandishi mekundu.

Ile library ya kupiga sauti ni ya simu tu. Na mimi niliiandika kwenye sehemu ya wote. Mimi, mwalimu.

Ya Shafii haikuwa na sauti, haikuwa hata na rangi. Lakini ilitoka kwenye simu, ikatoka ukutani.

Mwalimu Atupele akanishika bega. "Gwakisa mwanangu, yako nzuri. Lakini mama zako hawa wanataka ukuta."

Kazi ikaenda kwa Shafii.

Wakuu, sikuwahi kujua wivu una sehemu unapokaa mwilini. Unakaa hapa chini ya mbavu, na ukicheka unauma zaidi.

Mabesi, wale wa sauti ya nne, wakaanza kumwita Shafii mwalimu. Jina langu lile. Akija mazoezini kujaribu kitu, anaketi mlangoni kwa adabu, na wale akina mama wanagombania kumpa maparachichi. Nyumbani ndiyo usiseme. Alipita siku moja, mama akamketisha kwenye kiti changu, akampakulia ndizi zile za katikati ya sufuria.

Alipoondoka mama akasema, "Yule kijana ana kichwa. Na ana heshima. Wewe si rafiki yako huyo? Mwombe akufundishe."

Nikasema sawa mama.

Basi, wiki moja kabla ya Jumapili ya kupokea wageni, kwaya za sharika nyingine zinakuja, Mwalimu Atupele akamwomba Shafii maandishi yakuzwe mpaka yajaze ukuta. Hilo lilihitaji library za toleo jipya. Kwao Suma mtandao ni wa kupanda juu ya benchi na kunyoosha mkono, huwezi kuvuta mafaili makubwa. Kwa hiyo siku zote mimi ndiye nilikuwa namvutia. Analeta project yake kwenye flash, naifungua dukani, kompyuta inavuta kila kitu, nakopi lile folda la library kwenye flash. Yeye kwao anaweka kwenye laptop yake na kufanya kazi offline.

Jumanne alikuja na flash. Nikavuta. Nikakopi. Nikamkabidhi.

Alipokuwa anafunga zipu ya begi ndipo nikakumbuka. Library ya upande wa kompyuta inakuja tofauti, ya Linux kivyake na ya Windows kivyake, na mashine inavuta ile inayoihusu yenyewe. Yangu Linux. Laptop ya Shafii ni Windows, na ya kanisa ni Windows. Nilichompa hakitafanya kazi upande wa ukutani.

Ilikuwa bahati mbaya mpaka hapo. Naapa.

Akavaa begi. Akasema, "Ndaga fijo, kaka," ahsante ya Kinyakyusa aliyofundishwa na mama yangu. Labda ni hiyo ndaga ya mama ndiyo iliyonichoma. Nikamwambia karibu tena.

Akaenda. Sikusema kitu.

Jumatano akapiga simu. Akanisomea error neno kwa neno, taratibu, inasema hamna toleo lililohifadhiwa la kutumia offline. Mtu yeyote wa kazi hii akisikia hivyo anajua faili halimo. Mimi nilijua hata kabla hajapiga.

"Kaka, nimekosea wapi mimi?"

Nikamwambia, "Angalia vizuri code yako."

Hilo neno ndilo linanikaa kooni.

Alhamisi akapiga tena. Amerudisha lile folda la library za zamani, imegoma, maana kabla ya Jumanne alishaandika mengi kwa toleo jipya na hakubakiza kopi ya code ya zamani. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Nikasema nina wateja. Dukani hapakuwa na mtu, mvua ilikuwa inanyesha.

Sijui niliwaza nini. Nafikiri niliwaza kwamba Jumapili ukuta utakuwa mweupe, watu watakumbuka app yangu ilikuwa na sauti. Kweli niliwaza hivyo, nikiwa na akili zangu.

Jumamosi asubuhi nikamkuta mama uani anapiga pasi sare ya kwaya kwa pasi ya mkaa. Anaimba ule wimbo mpya, na ubeti wa pili anaurukia, hajaushika. Nikamuuliza, ubeti wa pili je?

"Huo nitausoma ukutani," akasema. "Shafii kasema herufi zitakuwa kubwa hivi." Akaonyesha kwa mkono kuanzia kiunoni mpaka kichwani. "Nimemwambia Atupele kesho nasimama mbele. Nimechoka kusimama nyuma kama mgeni."

Nikaacha chai.

Nilikwenda dukani mbio. Kwenye karatasi ya sokoni ya Shafii, iliyobaki kwenye mashine yangu tangu Jumanne, sehemu ya kompyuta, palipoandikwa ivute ya mashine hii nikaandika ivute ya Windows. Mstari mmoja tu wakuu. Kuvuta kulichukua muda mfupi kuliko kuchapa barua ya mteja. Nikapanda bodaboda mpaka Suma, flash nimeiweka kwenye soksi isilowe.

Nilimkuta Shafii dukani kwa baba yake, amekaa kati ya mabunda ya vitenge, laptop mapajani. Macho mekundu. Baba yake akaniambia, "Afadhali umekuja, mwambie mwenzako ale. Tangu juzi anabishana na hicho kitu."

Shafii akanigeuzia screen. Alikuwa amefuta karibu code yake yote na anaiandika upya kutoka mwanzo, akitafuta kosa lake. Kila faili alilibomoa. Isipokuwa ile orodha ya library, hiyo hakuigusa. Juu yake ameandika maelezo, zamani, tangu wiki za kwanza: *Hapa ni pa Gwakisa. Usiguse, yeye ndiye anajua.*

Nikachomeka flash. Alikuwa na kopi ya code ya Jumanne kwenye ile flash aliyoniletea, tukairudisha. Tukabonyeza. Ikapita. Herufi zikajaa screen nzima.

Akaruka. Akamwita baba yake aje aone. Akaniuliza, "Kosa lilikuwa wapi?"

Ningeweza kusema lolote. Nikamwambia ukweli. Jumanne nilijua. Jumatano nilijua. Alhamisi wateja hawakuwepo.

Akaziangalia zile herufi. Kisha akasema, polepole, "Mimi siku tatu nimejiona mjinga."

Adhana ya adhuhuri ikasikika. Akafunga laptop. "Ngoja nikaswali. Nikirudi nitajua kama nina hasira."

Nilisubiri pale na baba yake, ananiuliza habari za mama, namjibu. Sijawahi kusubiri kitu kama vile, hata matokeo.

Akarudi, miguu imelowa. "Hasira ninayo," akasema. "Lakini kesho kompyuta ubonyeze wewe. Nilikuwa nije mimi, sasa siji. Wewe unazijua nyimbo."

Kubonyeza maana yake siimbi. Unakaa pembeni, nyuma ya meza, unageuza beti. Wageni wote walisimama kuangalia kwaya, na mimi nilikuwa nageuza kazi ya Shafii, ubeti kwa ubeti.

Mama alisimama mbele. Ubeti wa pili ulipofika nikabonyeza, akainua uso ukutani, na sauti yake ikatoka. Miaka miwili sikuwa nimeisikia ikitoka hivyo. Sikuona vizuri kilichofuata, nilikuwa na kitu machoni, nikachelewa ubeti wa tatu na mabesi wakanikazia macho.

Mwisho Mwalimu Atupele akamtaja Shafii mbele ya watu wote, wakapiga makofi na yeye hayupo. Na wakuu, ule mdudu wa chini ya mbavu alijigeuza tena. Nilipiga makofi huku ananiuma.

Njiani mama aliuliza mbona sikuimba. Nilimwambia Shafii ameniomba nibonyeze. Mengine sijamwambia mpaka leo.

Nilichojifunza. Kwa wa kazi hii, cha simu kiweke kwa simu, cha kompyuta kwa kompyuta, na kama unamvutia mtu library angalia mashine yake yeye, usiangalie yako. Kwa wengine wote, ukiona umeanza kunyamaza pale ulipotakiwa kuongea, shtuka hapohapo. Mimi nilidhani sijafanya kitu, na kweli sikufanya kitu, ndiyo hiyo iliyomkalisha mtu siku tatu anabomoa kazi yake nzuri.

Shafii bado anakuja kila gulio. Tunatengeneza pamoja sasa, ile sehemu ya sauti ya app yangu imeingia kwenye app yake, sehemu ya simu, mahali pake. Tunacheka kama zamani.

Ila nikimpa flash, hafungi begi. Anaichomeka hapohapo mbele yangu, anafungua folda, anapitisha kidole faili moja moja mpaka mwisho. Na mimi nasimama hapo nasubiri amalize.

Nani humu amewahi kumwonea wivu mtu aliyemfundisha mwenyewe? Na imani ya mtu ikishaondoka, mliirudishaje, au mliacha muda upite? Nasoma kila comment, hata za kunisema. Mvua inanyesha huku, wateja hakuna.