Veranda ya Watoto, Kitale

Siku ya kwanza kazini nilifika Kitale na mtoto mgongoni. Msimamizi wa Jengo hakuniangalia mimi, alimwangalia mtoto.

"Huyo atabaki veranda," akasema.

"Mzee, ana miezi minne."

"Hata akiwa na mmoja. Ndani hakuna mtoto."

Sikuwa na mahali pengine pa kumwacha. Baba yake alishapotea, na mama yangu yuko Naitiri na shamba lake. Basi mwanangu Nekesa akalala nje ya mlango kwenye katoni ya mafuta ya kupikia, na mimi nikaingia kufanya kazi nikiwa nimefura. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kazi ya kutunza kumbi za serikali, mjue tulivyofanya. Hasira nayo siifichi, maana niliingia nayo kila asubuhi.

Jengo lile lilijengwa na masetla, wale walowezi wa Kizungu, ili wacheze dansi. Serikali ikalichukua, ikaweka ofisi pembeni, na ukumbi wa katikati ukawa wa wananchi: harusi, maonyesho ya mbegu, kwaya, mikutano ya akina mama. Sakafu yake ni mbao tupu, na sakafu ya mbao haimwagiwi maji. Maji yakiingia kwenye maungio, mbao zinavimba na kuinuka. Unafagia, unapaka nta kidogo kwa kitambaa, unaiacha inyonywe, halafu unasimama juu ya vipande vya blanketi na kuteleza navyo huku na huku mpaka dirisha lionekane sakafuni. Mwisho Mzee alivuta soksi ya kike ya nailoni juu ya kila ubao. Ikinasa, hapo pana kibanzi, unapiga msasa.

"Watu watacheza hapa miguu mitupu," alikuwa akisema. "Ukiacha kibanzi kimoja tu, umemchoma mgeni wako."

Sijaona tena mikono ya upole kama ile. Lakini upole wote ulikuwa wa mbao.

Sababu yake ya kukataza watoto ilikuwa mkojo. Alisema mkojo ukiingia kwenye mbao unaacha doa jeusi ambalo halitoki hata upige msasa mpaka kesho. Kwa hivyo kila sherehe watoto wadogo walibaki veranda na dada zao, na akina mama walitoka kunyonyesha na kurudi, hawajui hotuba imefika wapi.

Mwezi wa saba Kitale ni baridi na mvua. Mchana mmoja upepo ukaisukuma mvua mpaka ndani ya katoni. Nekesa alikuwa anakohoa tangu juzi. Nikambeba, nikaingia naye, nikamlaza katikati ya ukumbi juu ya sweta yangu.

Mzee akatoka ofisini. "Mama Nekesa! Nilisema nini?"

"Ulisema. Nifute kazi basi. Lakini huyu harudi nje."

"Ataharibu mbao!"

"Mbao, mbao! Si uzioe basi, bana!"

Nilingoja anifukuze. Badala yake akakaa chini pale pale, karibu na mtoto, akaniambia kitu ambacho sikuwa nimeuliza. Mama yake alikuwa yaya wa masetla. Siku za dansi alikuja hapa na mtoto wa tajiri wake, akamlaza chumba cha makoti, karibu na moto. Mwanawe mwenyewe, yaani huyu Mzee, alilala veranda ndani ya gunia la mahindi.

"Tuliambiwa ni kwa sababu ya mkojo," akasema.

"Na yule wa mzungu alikuwa hakojoi?"

Akageuka kutazama mlango wa chumba cha makoti. Nikafikiri nimemtukana.

"Alikojoa," akasema polepole. "Ati kila dansi! Mama alikuwa anapangusa." Akaanza kucheka, kicheko kikamshinda, machozi yakatoka, na baadaye sikujua tena kama bado anacheka.

"Sasa doa liko wapi?"

Alikuwa amepaka nta ubao wa chumba kile miaka mingi kuliko umri wangu. "Halipo," akasema. Kisha akavua koti lake na kumfunika Nekesa.

Jumamosi iliyofuata kikundi cha akina mama kutoka Saboti kilikuwa na mkutano. Kama kawaida wakaanza kupanga watoto veranda. Mzee akafungua milango yote miwili.

"Ingieni nao."

"Wote?" mama mmoja akauliza, kama anayeogopa mtego.

"Wote. Mvua inakuja."

Kabla ya chakula mvulana mmoja mdogo akajikojolea mbele ya jukwaa. Nilikimbia na kitambaa, lakini nikamkuta Mzee ameshapiga magoti, anapangusa. "Usiogope, baba," alimwambia yule mtoto. "Wakubwa wa nchi walikojoa hapa hapa."

Mwaka uliofuata Mzee alistaafu, na mimi nikahamishwa Bungoma. Ukumbi wa huko ulikuwa wa simiti: maji, sabuni, umemaliza. Mkuu wangu alikuwa ofisa mama mpole, hakuwa na sheria yoyote kuhusu watoto. Mkataba wangu ulipoisha sikupewa mwingine. Sasa nina watoto wawili na kibanda cha nguo Myanga. Waliostaafu uzeeni husema wanakumbuka heshima ya ofisi. Mimi nakumbuka harufu ya nta, na hasira yangu haijaisha, kwa sababu ya nilichokiona siku yangu ya mwisho kazini huko Bungoma.

Kwaya za shule zilikuwa zinaimba. Nikatoka nje na ndoo, nikakuta akina mama wamesimama veranda na watoto mgongoni, wanachungulia madirishani. Ndani viti vilikuwa vimebaki vitupu. Hakuna mtu aliyewakataza.

"Mbona mko huku?"

"Tuko sawa tu, dada," mmoja akanijibu. "Hawa watasumbua watu."

Nikaweka ndoo chini, nikamshika mkono.

"Wacha wasumbue," nikamwambia, nikaingia naye mpaka viti vya mbele.